Shibe Mwana Malevya: Somo la Yoga kwa Sahani za Emali

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa ni vigumu aupite mji wa Emali bila ya kushawishiwa ale. Basi halijatulia vyema, tayari madirisha yake yamekwisha kuzungukwa na mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, maembe na machungwa ya Makueni yakiwa katika msimu wake, na chupa za soda baridi. Ng'ambo ya barabara hufuka moshi wa nyama choma, na kando yake mafuta ya chipsi huchemka kutwa kucha. Utingo hutangaza dakika kumi. Abiria hula kwa dakika saba na kuzitumia tatu zilizosalia kutafuta choo. Mji huu, ulioko mpakani mwa kaunti za Makueni na Kajiado, pale njia ya Loitokitok inapoachana na barabara kuu, umekua kwa kuwalisha wapitao, na hilo si jambo la aibu.

Sina ugomvi na wauzaji hao, kwani wengi wao ni wazazi wa watoto ninaowafundisha, na karo hulipwa kwa mayai na machungwa hayo hayo. Ugomvi wangu ni na ile haraka. Katika miaka niliyofundisha karibu na mji huu nimeiona tabia ya stendi ikihamia shuleni. Mwanafunzi hufika asubuhi na tumbo tupu. Saa nne hununua mandazi mawili na soda. Saa saba hupokea sahani ya mahindi na maharagwe, akaimeza kwa dakika tano amesimama, maana kengele ya masomo ya ziada i karibu kulia. Saa nane anasinzia, na sisi walimu twamkaripia kwa uvivu. Wahenga walikwisha kutuonya zamani: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mtoto huyo amelegezwa asubuhi na kulevywa alasiri, kisha twashangaa kwa nini hesabu hazimwingii kichwani.

Katika makala haya nanuia kuutetea mtazamo ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji. Naamini kwamba mafunzo ya kale ya yoga kuhusu ulaji, ambayo wengi wetu twayadhania kuwa ni anasa ya wageni na matajiri wa Nairobi, kwa hakika yako karibu zaidi na ghala la Mkamba kuliko kilivyo kibanda cha chipsi. Naamini pia kwamba shule zetu zinaweza kuyafuata yaliyo mema katika mafunzo hayo bila ya kubadili dini ya mtu yeyote na bila ya kununua hata kitu kimoja kutoka ng'ambo.

Tuanze na jina lenyewe. Yoga ni neno la Kisanskriti, na asili ya maana yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa kwa nira. Wengi wetu tumelifahamu kwa picha za watu waliojikunja viungo, hasa tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio mwezi wa Desemba 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya kimataifa ya yoga, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Lakini mikao hiyo ni sehemu tu ya nidhamu pana. Patanjali, aliyepanga misingi ya yoga katika maandishi yake mashuhuri, alipoorodhesha miiko ya mwenye kuifuata njia hiyo aliutanguliza mmoja: usidhuru. Mwiko huo huitwa ahimsa. Hapo ndipo chakula kinapoingia, maana hakuna jambo tulifanyalo kila siku linaloweza kudhuru, au kuponya, kama kula.

Kitabu cha Bhagavad Gita chafundisha kwamba yoga haimfai mlafi, wala haimfai ajinyimaye chakula kupita kiasi. Ni ya mtu mwenye kiasi katika kula, katika kazi, katika usingizi na katika kukesha. Je, msomaji hasikii hapo sauti ya wahenga wetu? Waliotunga methali ya shibe na njaa hawakuwa wamekisoma kitabu hicho, wala waliokiandika hawakuijua pwani yetu. Binadamu popote alipo ana tumbo lile lile, na akilichunguza kwa uaminifu hufikia mkataa ule ule.

Gita pia yagawanya vyakula katika mafungu matatu, kwa kuangalia kile ambacho chakula humfanyia mlaji. Fungu la kwanza ni la satva: chakula chenye utomvu, chenye kushibisha na kupendeza, kinacholeta nguvu, afya na utulivu wa moyo. La pili ni la rajasi: chakula kikali, chenye chumvi nyingi, uchachu, na pilipili ya kuunguza, ambacho humchochea mtu kisha kikamwachia maumivu. La tatu ni la tamasi: chakula kilicholala, kilichopoteza ladha, kilichooza au kuchafuka. Nawaomba wanafunzi walihifadhi fungu hili la tatu akilini, kwani nitalirejea baadaye, na nitakapolirejea halitakuwa jambo la kinadharia.

Kitabu kingine, Hatha Yoga Pradipika, kilichotungwa yapata karne ya 15, chaeleza kiasi. Neno linalotumika ni mitahara, yaani ulaji wa kadiri: mtu ale chakula laini chenye ladha njema, na robo ya tumbo aiache wazi. Kitabu hicho chakataza chumvi nyingi, pombe, nyama, samaki, kitunguu saumu, na chakula kilichopashwa moto tena baada ya kupoa, yaani kiporo. Kisha chataja vyakula vinavyofaa: ngano, mchele, shayiri, maziwa, samli, asali, tangawizi kavu, na mojawapo ya jamii ya kunde ambayo sisi wa Makueni na Kitui twaijua vizuri mno. Ni ndengu, zile zile ambazo wenzetu wa Tanzania huziita choroko, zile zile zinazostahimili mchanga wetu na mvua yetu haba, na ambazo mkulima wa huku huuza ili alipe karo. Chakula kilichosifiwa na wanazuoni wa Bara Hindi yapata miaka 500 iliyopita kimo ndani ya magunia katika soko la Emali, na mtoto wa Emali hukipita akaenda kununua chipsi.

Hata ujirani wetu na chakula cha Wahindi si wa jana. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Waliajiriwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walifariki dunia, na wapatao 6,700 walibaki katika nchi hii. Reli hiyo ilipita papa hapa Emali, kama ile mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 inavyopita. Chapati, ambayo leo hakuna sherehe ya Ukambani isiyokuwa nayo, ni chakula cha Bara Hindi, na neno lenyewe latoka huko.

Yeyote atakaye kuushuhudia urithi huo akiwa hai, asiende mbali. Kutoka Emali, kwa mwendo wa gari usiofika saa moja kuelekea Mombasa, upo mji wa Makindu, na hapo kando ya barabara lipo hekalu la Masingasinga, ambao wengi wetu huwaita Kalasinga. Lilijengwa mwaka 1926. Mpitanjia yeyote, awe wa dini gani au kabila gani, akivua viatu na kufunika kichwa hukaribishwa kula bila malipo: chapati, dengu, mboga, wali, chai. Hapana nyama. Ni haki niseme wazi kwamba dini ya Singasinga siyo yoga, na kwamba mwanzilishi wake, Guru Nanak, anasimuliwa kuwa alibishana na mayogi waliozikimbia jamaa zao wakaenda kuishi peke yao. Lakini ubishi huo unatufaa sana. Mayogi walitufundisha kiasi na utulivu. Makindu yatukumbusha kwamba chakula chema huliwa pamoja, maskini na tajiri wakiwa katika safu moja. Hapana nyama pale ili asiwepo mtu wa kusema, "Mimi siwezi kula mezani penu."

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, kwani nimekwisha kuzisikia katika chumba cha walimu.

Hoja ya kwanza ni ya dini. Wapo wanaohofia kwamba ukiifuata yoga katika chakula utakuwa umefungua mlango wa imani ngeni. Mimi nawauliza Wakristo: Danieli na wenzake walikuwa ni nani kama si wanafunzi, waliochukuliwa kusomeshwa katika jumba la mfalme wa Babeli, wakaomba wapewe mbogamboga na maji kwa siku kumi, na nyuso zao zikaonekana zenye afya kuliko za waliokula chakula cha mfalme? Nao Waislamu wamepokea kutoka kwa Mtume wao mafunzo ya kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Pradipika yasema robo, Mtume asema theluthi; hesabu zatofautiana kidogo lakini hekima ni moja. Kuacha nafasi tumboni si ibada ya miungu ya mtu yeyote. Ni adabu ya mwili.

Hoja ya pili ni ya nyama na maziwa. Tunapakana na Wamaasai, na sisi wenyewe ni wafugaji wa mbuzi. Je, tuambiwe tuache? Siwezi kumwambia mtu hivyo, wala mimi mwenyewe sijaacha. Wataalamu wa lishe wametuarifu kwamba vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika mimea ya kawaida, hivyo asiyekula nyama sharti aipate katika maziwa au mayai, au aipate kwa njia nyingine. Vitabu vya yoga vyenyewe viliyasifu maziwa na samli, na katika jambo hilo jirani yetu Mmaasai anaweza kuwa mwalimu. Lakini mwiko wa ahimsa watudai angalau tutazame. Nani kati yetu hajamwona mbuzi aliyefungwa miguu minne akatupwa juu ya keria la matatu, jua la saa saba likimchoma hadi sokoni? Ale nyama atakaye, ila kwa kadiri na kwa siku yake, na mnyama atendewe wema mpaka pumzi yake ya mwisho. Ama kitunguu saumu na kitunguu maji, ambavyo wafuasi wengi wa yoga hujitenga navyo, mimi sioni sababu ya kumnyima mtoto sufuria yenye ladha. Tuchague lenye faida, tuliache lisilotuhusu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi makavu ya nchi yetu, ingekuwa dhihaka kumwambia mtoto aache robo ya tumbo lake wazi ilhali robo tatu tayari zi wazi. Nakubali kabisa. Mtoto anayekua, mama mjamzito na mgonjwa hawapaswi kufundishwa kujinyima. Lakini Gita yenyewe imesema kwamba yoga si ya mwenye njaa, na kwa hiyo yeyote apendaye kuwafundisha watoto kiasi ana wajibu wa kwanza wa kuhakikisha wamekula. Mitahara haianzi kwa kupunguza. Kwa mtoto mwenye njaa, mitahara ni kuongeza.

Na tuongeze nini? Hapa ndipo ghala la Mkamba linapostahili heshima yake. Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambao sisi twauita isyo, Wakikuyu githeri, na Watanzania makande, si chakula cha umaskini kama vijana wanavyodhani. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kiitwacho laisini, na jamii ya kunde, yaani maharagwe, mbaazi, kunde na ndengu, ina laisini kwa wingi. Vikipikwa pamoja kimoja hukijaza kingine, na mwili hupata protini iliyokamilika bila ya kipande cha nyama. Bibi zetu hawakulijua neno laisini, lakini waliijua sufuria. Muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kinuni yakavuliwa ngozi, yakipikwa na mbaazi ni chakula laini chenye kushibisha, na sidhani kwamba mwanazuoni yeyote wa yoga angekinyima jina la satva. Mtama na mawele, ambavyo tumewaachia ndege, huvumilia ukame kuliko mahindi. Kando ya hayo tuna asali ya Kitui, papai, na maembe mengi mno hata huozea chini ya miti yake.

Mbali na kile tulacho, yoga husisitiza namna ya kula: keti, tulia, tafuna, na uwe na fahamu ya unachokifanya. Hili nalo si mazingaombwe. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga ukiwa bado kinywani, na mtu amezaye bila kutafuna hulikabidhi tumbo kazi ya meno. Tena habari ya kushiba huchukua dakika kama 20 kuufikia ubongo. Alaye kwa dakika tano hawezi kujua kwamba ameshiba mpaka amekwisha kupita kiasi. Huo ndio ulevi wa shibe waliousema wahenga.

Natoa mfano mwingine mdogo. Katika nyumba na shule nyingi chai hunywewa pamoja na mlo. Chai huuzuia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, ilhali chungwa, embe au papai huusaidia kuyapokea. Kwa msichana anayepoteza damu kila mwezi, kusogeza kikombe cha chai mbali na mlo kwa saa moja, na kuweka nusu ya chungwa mahali pake, ni tendo dogo lenye uzito. Ama soda, chupa ya nusu lita ya kola ina sukari ipatayo gramu 53, yaani vijiko vya chai kama 13, ilhali Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa katika vyakula vyote vya mtu mzima kwa siku ingefaa isizidi gramu 25 hivi. Mtoto wetu wa saa nne amekwisha kuipita mara mbili kabla ya adhuhuri. Huko ndiko kuchochewa kwa rajasi, na kusinzia kwa saa nane ndiyo malipo yake.

Sasa nalirejea fungu la tatu, la tamasi, chakula kilichoharibika. Mwaka 1981, wilayani Machakos, ambayo wakati ule iliihusisha na Makueni, watu walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa ukali zaidi. Katika wilaya za Makueni na Kitui hasa, na nyingine jirani, waliugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu iliyowaua ni aflatoksini, ambayo hutengenezwa na ukungu unaoota katika nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Hawakufa kwa kula kigeni. Waliuawa na mahindi, chakula chetu cha kila siku, kwa kuwa njaa na mvua vilikutana na ghala lisilo kavu.

Nina jambo la kuungama hapa. Miaka kadhaa baada ya msiba huo nilikuwa nikifundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja nilipita jikoni nikaona gunia la mahindi limefunguliwa, na punje zake nyingi zilikuwa na ukungu wa rangi ya kijani. Mpishi aliona nimesimama, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tutayaosha vizuri, halafu moto ni moto." Nilijua kwamba moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Nilijua idadi ya waliokufa. Lakini mahindi mengine hayakuwapo, watoto walikuwa wakingoja, nami nikapita, nikaenda darasani kufundisha. Hakuna aliyeanguka siku ile. Hata hivyo aflatoksini si lazima imwangushe mtu siku ile ile. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi hulidhuru ini, na yaweza kulitia saratani. Sitajua kamwe niliwaruhusu wale nini. Ninalolijua ni kwamba siku ile nilielewa nusu ya pili ya methali. Njaa ya watoto ilikuwa imenilegeza mimi, hata ulimi.

Kwa sababu hiyo siwezi kuyachukulia mafunzo haya kama mchezo wa watu wenye nafasi. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kukitazama chakula chake kabla ya kukila, kukinusa, kukiuliza kimetoka wapi na kimelala siku ngapi, ndiye atakayekuwa na ujasiri wa kusema, "Hiki hakiliwi." Utulivu ambao yoga hutaka kabla ya tonge la kwanza ni ulinzi wa maisha katika nchi ya mahindi.

Je, shule ifanye nini? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji hela nyingi.

Kwanza, mlo wa mchana upewe dakika 40 kamili, watoto wakiwa wameketi, na masomo ya ziada yasiziibe. Kabla ya kula pawe na dakika moja ya kimya, ambayo kila mtoto ataijaza kwa sala ya kwao au kwa kuitazama sahani yake tu.

Pili, nafaka ya shule ikaguliwe hadharani. Wanafunzi wa sayansi na wa kilimo washirikishwe: wajifunze kwamba mahindi huanikwa juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo; kwamba hayafai kuhifadhiwa mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 13 au karibu na hapo; na kwamba gunia huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Kutwanga muthokoi hupunguza sehemu ya sumu, kwa kuwa ngozi na kiini huondolewa, lakini hakuiondoi yote. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba kinu kitayasafisha mahindi mabovu.

Tatu, soda iondolewe katika kantini, na mahali pake yawekwe maji safi na matunda ya msimu yanunuliwe kwa wale wale akina mama wa stendi. Hivyo hatutawapokonya riziki yao. Tutakuwa tumewapa mnunuzi wa uhakika.

Nne, na hili nalielekeza kwa walimu wenzangu, tule pamoja na wanafunzi kutoka sufuria moja. Mwalimu alaye chapati na nyama nyuma ya mlango uliofungwa, huku mtoto akitoa wadudu katika maharagwe yake, hana somo la lishe awezalo kulifundisha. Lau ningalikuwa nakula sahani ile ile asubuhi niliyoyaona mahindi mabovu, nadhani ulimi wangu ungalifunguka upesi. Makindu wamelijua hilo tangu mwaka 1926: kuketi katika safu moja ndiko kunakokilinda chakula cha mnyonge.

Nanyi wanafunzi, msiungoje uongozi wa shule. Anzeni kesho. Tafuneni. Acheni nafasi ya pumzi. Mkipata shilingi kumi ya saa nne, chungwa litawafikisha saa saba kwa heshima kuliko soda. Msiionee haya isyo ya nyumbani mbele ya rafiki wa mjini, kwani amenyimwa kitu ambacho ninyi mnacho. Wala yasiwepo majivuno kwa asiyekula nyama dhidi ya aliyaye, maana ulevi wa kiburi nao ni shibe mbaya.

Sidai kwamba chakula peke yake kitaponya kila ugonjwa, wala namna hii ya kula isimfanye mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu aache dawa zake na ushauri wa daktari. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo kila mtu aweza kulijaribu kwa mwezi mmoja kisha akanihukumu: kwamba kati ya ulevi wa shibe na ulegevu wa njaa ipo njia nyembamba, na njia hiyo haianzii ng'ambo. Yaanzia kwenye gunia la ndengu sokoni Emali, likapita jikoni mwa shule, likaishia katika sahani ambayo mtoto ameketi chini, ameitazama, na anaijua.